Wakala wa Mizigo na Mkalimani wa Kike

Wiki iliyopita nilikuwa Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika huku China, katika ofisi ya wakala wa mizigo, Mtanzania mwenzangu, nikisubiri karatasi za kontena langu. Akaingia mwanamke wa Lubumbashi aliyesoma Kichina hapa hapa Guangzhou kwa miaka minne. Alikuwa amesikia kwamba anatafutwa mkalimani. Aliweka vyeti vyake mezani, lakini wakala hakuvigusa. Alikuwa akimtazama tumbo.

"Dada, umeolewa?"

"Nimeolewa, patron."

"Basi kesho utazaa, ofisi ifungwe. Nataka mwanamume."

Mwanamke akamjibu taratibu kuwa sheria ya kazi ya nchi hii inakataza kumnyima mtu kazi kwa sababu ni mwanamke.

Wakala akasukuma vyeti kwa kidole kimoja. "Sheria za namna hiyo ni ujamaa mtupu. Ofisi ni yangu. Serikali haiwezi kunichagulia mtu wa kuajiri."

Hapo ndipo nilipochoka. Mtu huyu huyu, kabla hajafungua ofisi, alinyimwa kazi ya ghalani kwa sababu ni mweusi, akazunguka mtaa mzima wa Dengfeng akiuliza serikali iko wapi. Nikamkumbusha.

"Ile ilikuwa dharau," akasema. "Hii ni biashara."

Mwanamke akakusanya vyeti vyake. Alipofika mlangoni akageuka, akamwambia maneno marefu ya Kichina, kwa upole kabisa, akaondoka.

Wakala akanitazama. "Amesema nini?"

Nikamwambia amuulize mkalimani wake, akishampata.