Nguo za Efraín

Mwalimu wa uhakiki wa filamu alipozima taa, Lizeth Huarachi alijua anachokwenda kuona. Filamu ilihusu mto unaokauka, na ilipigwa kijijini kwao. Kaka yake Efraín alizikwa mwaka juzi, na kwao, siku chache baada ya maziko, ndugu huteremka mtoni kufua nguo za marehemu, kisha nyingine huchomwa. Lizeth hakwenda. Alikuwa chuoni, mjini La Paz, kwenye mtihani, na tangu hapo hajatoa hata chozi. Si kwamba alijizuia. Halikuja tu, naye akazoea, kama mtu anavyozoea jino lililokufa.

Katikati ya filamu kamera ilitulia ukingoni. Wanawake walifua, wakasuuza, wakatandaza sweta ya kijani ya Efraín juu ya majani makavu. Mama yake alikuwa wa pili kutoka kushoto. Lizeth aliitazama ile sweta, akangoja aone atajisikiaje. Hakujisikia kitu.

Taa zikawashwa.

"Haya, mabingwa," mwalimu Iriarte alisema. "Mngepewa mkasi, mngekata wapi?"

"Pale pa madobi," Ramiro akajibu, akijifuta kidevuni mchuzi wa salteña, sambusa ya nyama aliyoiingiza darasani kwa siri. "Mwalimu, mimi nimesinzia, nimeamka, bado wanafua."

"Walikuwa wanangoja ulete soksi zako," akasema msichana wa nyuma, na darasa zima likacheka.

"Lizeth, wewe ni wa kule. Unasemaje?"

Neno moja, kwamba zile ni nguo za kaka yake, lingewafunga midomo wote. Lakini angelisema hilo, ingembidi aseme na la pili, kwamba siku ile hakuwepo.

"Ni ndefu kidogo," akasema. "Inachelewesha filamu."

Na ndivyo alivyoandika kwenye uhakiki wake, kwa lugha safi kabisa, kwamba sehemu ya kufua ikatwe. Akawa wa kwanza darasani. Mwalimu alimwandikia pembeni kwamba ana jicho lisilo na huruma, na maskini ya Mungu, alikusudia kumsifu.

Jumapili mama yake, doña Saturnina, akapiga simu.

"Eti wamewaonyesha ile filamu huko chuoni?"

"Wametuonyesha, mama."

"Nguo za kakako umeziona?"

"Nimeziona."

"Zote? Maana yule kijana wa kamera alitaka kupunguza. Alikuja mpaka hapa nyumbani, ananiambia watu watachoka. Nikamwambia, baba, hapo usiguse. Mimi nilikuruhusu upige kwa sababu binti yangu hayupo, yuko kwenye mtihani. Iache yote, na yeye afue na sisi."

Lizeth alitaka kulia. Kwa mara ya kwanza alitaka kweli, akafumba macho na kungoja, na macho yakabaki makavu.

"Upo, mwanangu?"

"Nipo, mama."

"Basi usijali tena. Na wewe umeshafua."