Marobota Kumi na Manane Yaliyorudi Nyumbani

Lyall Noske ana umri wa miaka sitini na mmoja, magoti mawili ya chuma, na tepe tisa za buluu, za mshindi wa kwanza, alizozipata katika maonyesho ya kilimo ya Gillimurra, zote kwa nyasi kavu. Amezitundika jikoni juu ya jokofu, mahali ambapo mgeni hawezi kuchukua maziwa bila kuzisoma. Glenys, mke wake, huliita jokofu hilo madhabahu. Lyall hakatai. "Kaka zangu walipewa akili," husema. "Mimi nikapewa nyasi."

Kisa cha marobota kumi na manane hukisimulia mwenyewe, baa, bila kuombwa, na kila mwaka hukiongezea aibu kidogo. Nimekisikia mara sita. Nimemuuliza Glenys, nimempigia simu mwenyewe Coral Mackerras aliyepelekewa mzigo, na ninaweza kusema kwamba ile sehemu ya Lyall kulia njiani si kweli. Nyingine zote ni kweli.

Ilikuwa Agosti ya mwaka wa tatu wa ukame kule kaskazini. Huku kwetu mvua ilikuwa imenyesha vya kutosha, mabanda yamejaa, na sisi watu wa Gillimurra tunapenda sana kujiona wakarimu tukiwa na ziada. Kel Dunstan, fundi wa matrekta anayeongea kama kipaza sauti hata akiwa kanisani, aliandaa msafara: malori thelathini na manne ya nyasi za bure hadi Wirrabilla, kilomita elfu moja na mia moja. Alizunguka shamba kwa shamba akiandika majina. Alipofika kwa Lyall hakuuliza kama atatoa. Aliuliza, "Lori zima, siyo?"

"Zima," Lyall akajibu. Mtu mwenye tepe tisa asingeweza kusema nusu.

Lori lake hubeba marobota arobaini na mawili, yale makubwa yanayoinuliwa kwa trekta. Alikuwa nayo mazuri ishirini na manne ambayo angeweza kuyatoa bila kuugua. Alikuwa pia na mengine ishirini, yaliyokatwa siku ileile ambayo oti, nafaka tunayoikausha kuwa nyasi, zilikuwa zimekomaa sawasawa, yamefunikwa kwa turubai mwishoni mwa banda. Hayo yalikuwa ya maonyesho ya Oktoba, na yanayobaki ni ya wafugaji wa farasi. Yalikuwepo na ya safu ya chini, yaliyokaa sakafuni kwa miaka mitatu yakinyonya unyevu. Kwa juu na ubavuni yalikuwa ya dhahabu. Upande uliogusa sakafu ulikuwa mweusi, na ukiupiga kofi unatoa vumbi la kijivu.

Hapa inabidi nieleze tabia yetu moja. Gillimurra hakuna anayepakia nyasi ovyo. Upande mzuri wa robota hutazama barabara, na upande wenye dosari hutazama ndani. Tunauita uungwana, kama vile kuchana nywele. Mnunuzi anajua, na muuzaji anajua kwamba mnunuzi anajua. Kwa hiyo mnunuzi hafungui mdomo. Anasukuma mkono kati ya robota na robota, anachomoa konzi moja, ananusa, na akiwa wa zamani anatafuna. Hakuna anayekasirika. Kasoro ya utaratibu huu ni moja tu: nyasi za msaada hakuna anayezitia mkono.

Lyall aliyapanga marobota kumi na manane ya safu hiyo ya sakafuni chini kabisa kwenye trela, mistari miwili, pande nyeusi zikitazamana. Kisha akapandisha yale ishirini na manne juu yake. Glenys alitoka na kikombe cha chai.

"Hayo si yale ya sakafuni?"

"Baadhi."

"Baadhi kama mangapi?"

"Glenys, ng'ombe wa kule wanakula kadibodi. Hawatauliza tarehe."

"Sikuuliza kuhusu ng'ombe," akasema Glenys, akarudi ndani na chai yake.

Nami nilitoa marobota manne mwaka ule. Naomba nisiulizwe yalitazama wapi.

Watoto wa shule walichora mashuka meupe, KAZENI MOYO, herufi za rangi nyekundu zenye urefu wa mtoto mwenyewe, na shuka lililochorwa vizuri kuliko yote likafungwa kwenye lori la Lyall kwa sababu mzigo wake ndio uliopendeza zaidi. Njiani walipigiwa honi na kila gari. Katika miji midogo watu walisimama kando ya barabara wakiwa na pai za nyama na thermosi za chai. Mzee mmoja aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu alivua kofia. "Nilimpungia mkono kama malkia," Lyall husema. "Kufika mchana wa pili nilikuwa nimeshaamini. Ungeniambia yale marobota ya chini yana ukungu, ningekuuliza ukungu ni nini."

Wirrabilla kulikuwa hakuna nyasi hata moja iliyosimama. Udongo ulikuwa wa rangi ya chungu. Katika uwanja wa maonyesho Kel aliweka majina ya wakulima ndani ya kofia, na kila dereva akachota la kwake. Lyall alichota Coral Mackerras.

Coral alimsubiri langoni, mwanamke mwembamba wa miaka sitini na sita, suruali imefungwa kwa kamba ya robota. Nyuma yake, ndani ya ua wa waya, walisimama ng'ombe wekundu ambao mtu angeweza kuwahesabu mbavu akiwa barabarani.

"Wewe ndiye Noske? Karibu. Usisimame upepo unakotoka, wakizinusa nyasi zako wataangusha huu ua."

"Ni wangapi?"

"Thelathini na mmoja. Walikuwa mia nne." Hakusema kwa huzuni, alisema kama mtu anayesoma kipimajoto. "Ni uzao wa ng'ombe wa baba yangu. Wote wana mimba, wamebakiza wiki sita. Wakizaa, nabaki hapa. Wasipozaa, nauza shamba, naenda kukaa kwa dada yangu mjini, na dada yangu ana kasuku."

"Kasuku?"

"Anayeimba. Kwa hiyo unaona ninavyokutegemea."

Lyall anasema alicheka, kisha akakumbuka jambo ambalo kila mtu anayefuga analijua tangu utotoni: ng'ombe mwenye mimba akila nyasi zenye ukungu anaweza kuitupa mimba. Alikuwa amelijua alipokuwa anapakia. Alilijua tu kwa namna ya jumla, kama tunavyojua kwamba tutakufa.

Wakaanza kupakua. Jirani alikuwa amemwazima Coral trekta lenye meno ya kuinulia marobota, naye Coral aliliendesha kwa wepesi kama anayeshika kijiko cha chai. Marobota ishirini na manne ya juu yakashuka moja moja hadi ndani ya banda. Kila moja alilisifu. "Hili linanukia kama jikoni kwa mama." "Hili mtu angeweza kulilalia usiku wa harusi." Kabla ya kuanza safu ya chini Coral alizima trekta, akashuka, akasogea karibu na mzigo. Mkono wake wa kulia ukainuka, vidole vimenyooka, kuelekea ule ufa ambapo robota na robota hugusana. Halafu ukasimama. Ukarudi mfukoni.

"Nimeuza nyasi miaka arobaini," Lyall husema. "Nimeona mikono ya kila aina ikiingia kwenye marobota yangu. Sijawahi kuona mmoja unarudi kwa heshima."

Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua hadi wiki kadhaa baadaye, na hata wakati huo wangelaumu ukame.

"Weka mkono," akasema.

"Wapi?"

"Hapo ulipokuwa unataka kuuweka."

"Bwana Noske, siwezi kupima kitu nilichopewa. Nililelewa."

"Na mimi nililelewa, mama. Weka mkono, tafadhali, kabla sijaghairi."

Coral akausukuma hadi kiwiko. Ulipotoka ulikuwa na konzi nyeusi, na vumbi la kijivu likapanda kati yao wawili. Alinusa mara moja, akageuza uso. Kisha akawatazama ng'ombe, siyo Lyall, kwa muda ambao Lyall huuita saa nzima na ambao Coral anasema haukufika dakika.

"Unajua hizi zingewafanya nini."

"Najua."

"Mangapi yako hivi?"

"Kumi na manane. Haya yote yaliyobaki."

"Ulijua wakati unapakia?"

"Nilijua zina ukungu," akasema Lyall. "Sikujua kama kuna wewe."

Coral akafuta mkono kwenye suruali. "Chai iko tayari," akasema. "Kunywa, halafu uyaondoe hapa. Hawa ng'ombe wangu hawajali ukungu, watavunja hata ukuta kuyafikia."

"Niyapeleke mbali niyachome?"

"Marufuku ya moto imeshatangazwa. Washa kiberiti uone, utafungwa, nami nitakuja kukutembelea nikiwa nacheka."

"Basi niyafanyeje?"

"Yalikujaje?"

Ndipo Lyall Noske akawa mtu wa kwanza wilayani kwetu kurudisha msaada alikoutoa, kilomita elfu moja na mia moja, mzigo ukiwa na shuka la KAZENI MOYO. Angeliondoa shuka hilo, lakini mikanda ya mzigo ilipita juu yake, na kulegeza mikanda ya nyasi mbovu barabarani hakuna anayethubutu. Msafara ulikuwa umeshamtangulia kurudi, malori matupu thelathini na matatu. La kwake tu ndilo lililokuwa na nyasi, na watu wa barabarani wakaona kinachoonekana: huyu anaendelea kutoa.

Wakampigia honi upya. Mzee wa kiti cha magurudumu alivua tena kofia. Kwenye kituo kimoja cha mafuta mwanamke wa kaunta alikataa kabisa malipo ya pai mbili na kahawa.

"Unawapelekea watu wa wapi safari hii, mpenzi?"

"Siwapelekei. Narudi nazo nyumbani."

"Eti narudi nazo nyumbani!" Akamgeukia mwenzake. "Unaona hawa watu? Hawataki hata kusifiwa."

"Dada, kweli. Zimeoza."

"Chukua na hii keki."

Katika mji uliofuata alijaribu kumweleza polisi. Polisi akamsindikiza kwa taa hadi mwisho wa mji. Baada ya hapo Lyall aliacha kueleza, akala keki, akaendesha akitazama mbele. Kwenye redio ya lori sauti ya Kel ilimfikia kutoka kilomita mia mbili mbele.

"Lyall, nimeambiwa bado umepakia. Yule mama amekufukuza?"

"Hakunifukuza. Alinipa chai."

"Sasa umebeba nini?"

"Tabia yangu," Lyall akasema, na malori thelathini na matatu yakasikia, kwa sababu Kel alikuwa hajawahi kujifunza kubadili masafa.

Habari zilikuwa zimemtangulia: alipoingia uwanjani kwake Glenys alikuwa tayari amefungua milango ya banda, ile ya mwisho. Turubai lilikuwa limekunjwa. Yale ishirini ya Oktoba yalikuwa wazi yakimeta. Glenys alisema, "Nimepika keki ya matunda. Safari hii nakuja, nilinde mzigo."

Walipakia pande zote zikitazama popote. Lyall anakiri kwamba robota la kumi na moja alilishusha mara mbili kabla ya kulipakia. Ndilo alilokuwa amelichagua kwa tepe ya kumi.

Coral aliwapokea langoni akiwa amekunja mikono ya shati. Hakuomba ruhusa. Alipita robota kwa robota, yote ishirini, mkono hadi kwenye bega, akachomoa, akanusa, akatafuna, akatema. Lyall alimfuata nyuma kama mtoto siku ya matokeo.

"Nzuri," akasema mwishoni. "Nzuri sana. La kumi na moja limepigwa jua kidogo zaidi ya inavyotakiwa."

"La kumi na moja?"

"Kidogo tu."

"Lyall," Glenys akasema, "nyamaza, ushushe mzigo."

Oktoba ile tepe ya buluu ilikwenda kwa Kel Dunstan, ambaye nyasi zake, kwa maoni ya Lyall na yangu, zinafaa kujazia godoro. Lyall hakushindana; hakuwa na cha kuonyesha isipokuwa kumi na manane yaliyokuwa yakigeuka mbolea nyuma ya banda. Msafara uliofuata Kel alisimama kwenye mizani ya kutokea mjini akaingiza mkono ndani ya kila robota la kila lori. Wengi walikasirika. Wawili waligeuza malori wakarudi nyumbani, wakisema wamesahau kitu. Mmoja wa hao wawili ni mimi.

Ng'ombe wa Coral walizaa ndama thelathini. Ng'ombe mmoja alikufa, kwa sababu isiyohusu nyasi. Coral bado yuko Wirrabilla, na kasuku wa dada yake amemsikia kwenye simu tu. Mwaka ule kabla ya Krismasi alimtumia Lyall picha, nayo iko jikoni, juu ya jokofu, kati ya tepe ya nne na ya tano. Ni ndama dume, mwekundu wote, isipokuwa ubavu mmoja mweusi ambao, kwa maelezo ya Coral, haukuonekana hadi alipogeuka. Nyuma ya picha Coral ameandika kwamba ndama amepewa jina Lyall, kwamba anakula vizuri, na kwamba atahasiwa Jumanne.