Muhuri wa Mzee Melkiori

Wanaume wa Itigi watakwambia ile filamu haijachuja. Watakwambia ilipata tuzo huko Marekani, kwamba komedi za siku hizi ni kelele tupu, na kwamba hakuna aliyewahi kuitafsiri kama baba yangu Melkiori, mkaguzi wa tiketi kwenye treni. Mimi Damari, binti yake wa kwanza, nikiwasikia natamani kuwamwagia maji ya moto.

Baba alikuwa mtu wa kofia iliyonyooka na viatu vya kung'aa. Kiingereza alikijua kuliko walimu wetu, kwa hiyo gari la sinema lilipokuja mwaka 1971 na kutundika shuka jeupe kwenye klabu ya reli, yeye ndiye aliyepewa kipaza sauti. Nilikuwa na miaka tisa. Kwenye shuka, Mzungu mwembamba alikimbizana na kofia yake ndani ya stesheni, kofia ikapanda treni, yeye akabaki. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Sehemu hiyo bado inachekesha, nakiri, na inaniudhi kwamba bado inachekesha.

Kisha Mzungu anamkuta ndani ya behewa mke wake aliyemtoroka. Anamlaza mapajani kama mtoto, anamchapa kwa brashi ya nguo mbele ya abiria. Mwanamke anapiga kelele kwa Kiingereza na kurusha miguu. Baba akasema, kwa ile sauti yake ya kazini: "Mama, tiketi yako haijagongwa muhuri."

Klabu nzima ilivunjika mbavu, na mimi pia. Mama, aliyekuwa na mimba ya mdogo wangu Eliana, alikaa tu akitazama vidole vyake.

Baba hakuwahi kumpiga mama. Naliandika hilo nisije nikamwonea. Lakini tangu siku ile, Itigi mwanamume hakusema amempiga mkewe, alisema amemgongea muhuri. Mwanamke akija kisimani jicho limevimba, aliulizwa kama tiketi yake ni ya daraja la kwanza, na ilibidi acheke ili asionekane mgomvi. Baba akipita, watu walimtania kwa maneno hayohayo, naye aliinua kofia kidogo. Aliona fahari, na fahari hiyo ndiyo iliyonichoma miaka yote.

Mwaka 1993 Eliana alishuka kwenye treni kutoka Manyoni alikoolewa. Meno mawili ya mbele hayakuwepo. Mumewe Gaspari akamfuata wiki hiyohiyo, wazee wakakaa sebuleni kwetu kusuluhisha. Gaspari hakuona hata aibu.

"Baba, mimi nilimgongea muhuri tu, kama ulivyotufundisha," alisema, akicheka.

Wazee wakacheka. Nilikuwa mlangoni na sinia la chai, nikamwona baba naye anatabasamu. Ikaamuliwa Eliana arudi Manyoni na mumewe siku ya Jumatatu. Nililibwaga sinia mezani chai ikamwagika, na nilichoambiwa ni kuleta kitambaa nifute.

Miaka hiyo ilikuwa ya ruksa, kila mtu anafungua biashara. Nasri, mfanyabiashara wa sokoni, alikuwa na banda la video lenye deki na jenereta, na wiki hiyo alipata kanda ya filamu ileile. Akaandika kwa chaki ubaoni kwamba Jumapili mchana itaonyeshwa komedi yenye tuzo, ikitafsiriwa na Mzee Melkiori mwenyewe. Nilimwambia baba kwamba akienda asiniite tena mwanawe. Akavaa kofia yake, akaenda. Eliana naye akajitanda khanga. Alisema anataka kuona kitu kilichomng'oa meno.

Nikamfuata. Banda lilijaa, Gaspari amekaa benchi la mbele na wenzake. Kofia ilipopanda treni watu walicheka, hata Eliana alicheka, amejiziba mdomo. Likaja behewa, ikaja brashi.

"Muhuri, mzee," Gaspari na wenzake wakaanza kuita kule mbele.

Baba alinyamaza. Mwanamke alilia mpaka kipande kikaisha. Baba akamwomba Nasri arudishe kanda nyuma, na kilipoanza tena akavua kofia.

"Huyu mama anasema, 'Niache, unaniumiza,'" alitafsiri. "Anawaomba abiria wamsaidie. Anasema hivyo mara tatu. Mwaka ule pia alisema. Mimi sikuwatafsiria."

Mtu mmoja alicheka peke yake, kisha akaacha. Gaspari akageuka, akasema kwamba hiyo ni komedi tu.

"Eliana haendi Manyoni kesho," baba alimjibu. "Wala keshokutwa."

Watu walitoka wakinung'unika kwamba filamu ni nzuri, ila mzee ndiye amechuja. Njiani sikumsemesha baba. Miaka ishirini na miwili ni mingi mno, na nilimkasirikia kuliko siku zote, maana sasa nilijua kwamba siku zote aliweza kusema.

Tulimkuta mama uani anapepeta mtama. Eliana hakusubiri hata tukae.

"Baba, kwa hiyo siku zote ulikuwa unasikia anachosema yule mwanamke?"

"Nilikuwa nasikia," baba akajibu.

Mama aliendelea kupepeta. Hakuinua uso.