Goti Nililolificha

Nilicheza beki wa kati kwenye ligi ya wanawake kwa misimu minane, na katika misimu yote hiyo nilifunga goli moja, mpira wa kona ulionigonga begani ukaingia wenyewe. Mama yangu hakuwahi kuelewa. Kila nikirudi likizo kijijini kwetu Sigino alikuwa ananiuliza, "Haya mwanangu, umefunga mangapi?" Nikimwambia kazi yangu ni kuzuia, anasema, "Kumbe wewe ni mlinzi," kama anavyomtaja yule mzee anayelinda geti la shule. Nikamwacha na jina hilo. Hakuwa amekosea sana.

Shule ya msingi mwalimu wa michezo alinipanga nyuma kwa sababu nilikuwa mrefu na sikufumba macho mpira ukija. Sekondari nikakutana na msichana wa Bonga, mfupi kwangu lakini mwenye mbio. Mimi nilivaa namba tano, yeye namba nne, na tangu hapo tuliitana hivyo hivyo, Tano na Nne. Sisi nyumbani ni Wakatoliki tuliotoka Mbulu. Kwao ni Waislamu, mama yake ana duka la vitenge karibu na stendi ya Babati mjini. Mwezi wa Ramadhani mama huyo alikuwa ananiwekea sahani yangu ya futari bila kuuliza kama nitakuja.

Tulipomaliza kidato cha nne, kocha wa timu moja ya mkoa wa mbali alikuja Babati kutazama mashindano. Alikuwa anatafuta mshambuliaji. Akaondoka na mabeki wawili.

Huko tulilala chumba kimoja, tukapika kwenye sufuria moja, tukapangwa pamoja nyuma karibu kila mechi. Uwanjani nilijua alipo bila kugeuka. Nikipanda kupiga kichwa, najua yeye amebaki. Akivutwa pembeni, najua nisogee hatua tatu. Watazamaji hawaoni mambo hayo. Wanamwona beki siku akikosea.

Msimu wa saba, mazoezini, nilitua vibaya baada ya kuruka kupiga kichwa. Goti la kulia likazunguka kidogo, likarudi mahali pake. Nikaendelea. Jioni lilikuwa limevimba, pia ya goti haionekani. Nne alikuwa ameketi kitanda cha pili akikata kucha.

"Nenda kwa daktari wa timu," alisema.

"Litapoa."

"Tano, goti si mafua."

Nikamwambia asiseme kwa mtu. Msimu huo timu ilikuwa imemsajili beki wa miaka kumi na tisa, mrefu kama mimi, anayepiga pasi kwa miguu yote miwili. Kocha alikuwa anamtazama kila zoezi. Nikikaa nje wiki sita, nafasi yangu imekwenda, na nilikuwa nimeshafika umri ambao nafasi ikienda hairudi. Nne alijua. Akachukua ndoo akaenda kuniletea maji baridi ya kukandia.

Baada ya hapo nilicheza nikiwa nimefunga bendeji chini ya soksi ndefu. Siku nyingine goti lilikuwa zima kabisa, nikaamini limepona. Siku nyingine lilikuwa linalegea nikigeuka kulia, kama mlango uliotoka bawaba. Basi tukakubaliana, bila kikao, kwamba mipira ya kukimbizana ni yake. Alikimbia upande wake na upande wangu. Aliwafukuza washambuliaji ambao ilikuwa kazi yangu kuwafukuza, akawanyang'anya mpira miguuni. Watu wakaanza kusema Nne amepanda kiwango. Walimu wa timu ya taifa wakaja kumtazama mara mbili. Mimi nilifurahi, na usiku nilikuwa nahesabu ni mipira mingapi kati ya ile ilikuwa yangu.

Mechi ambayo goti lilikatika, msimu wa nane, tulikuwa tunaongoza. Hakukuwa na mtu karibu yangu. Mpira mrefu ulipita juu, nikageuka kuufuata, mwili ukageuka na mguu ukabaki. Nilisikia mlio kama wa bua kavu la muhindi likivunjika. Nne alifika wa kwanza. Hakulitazama goti. Alimtazama kocha, pale kwenye mstari, kama mtoto aliyevunja kitu cha watu.

Hospitalini daktari alilishika, akalivuta, akatikisa kichwa.

"Kano imekatika yote. Na huku ndani kumesagika. Hili halikuanza leo. Lilianza lini?"

"Leo," nilisema.

Nne alikuwa amesimama mlangoni. Akatazama chini.

Daktari alisema ningekuja mapema, pengine kupumzika na mazoezi ya taratibu vingetosha. Sasa lazima upasuaji, na hata nikipasuliwa asingependa kunidanganya kuhusu ligi. Nilipasuliwa miezi saba baadaye. Goti linakunjika mpaka nusu, halafu linagoma. Mkataba wangu ukaisha katikati ya kusubiri. Kocha alinipigia, akaongea kwa upole. "Dada, ukiwa tayari utaniambia." Yule binti wa miaka kumi na tisa alikuwa ameshachukua namba tano. Simlaumu. Anacheza vizuri.

Nikarudi Sigino. Baba alikwishafariki zamani, kwa hiyo shamba ni la mama na mimi, mahindi na mbaazi. Kuchuchumaa siwezi, basi nalima nikiwa nimekalia kigoda, nakisogeza kutoka shina hadi shina. Mwanzoni majirani walikuja kunitazama.

Nne alikuwa ananipigia kila Jumapili. Ligi ilipopumzika akaja Babati, na siku ya pili akafika kwetu na bodaboda, amebeba kitenge kutoka kwa mama yake. Akamwamkia mama, "Shikamoo mama," mama akamwitikia kwa furaha na kumwonyesha njia ya shambani. Akanikuta kwenye kigoda. Alisimama akakitazama kile kigoda kwanza.

Tuliongea habari za timu. Halafu akasema, "Nilitaka kumwambia kocha. Siku mbili kabla ya mechi ile. Nilifika mpaka mlangoni pake."

"Ukafanyaje?"

"Nikarudi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu uliniomba."

Nilidhani amemaliza. Akachuma jani la mbaazi, akalikunja, akalikunja tena.

"Na kwa sababu majina ya timu ya taifa yalikuwa hayajatoka."

Majina yalitoka wiki moja baada ya mimi kuumia, na lake lilikuwamo. Nilikuwa nimempongeza kutoka kitandani, kwa moyo wangu wote au sehemu kubwa ya moyo huo. Sasa nikachukua kigoda nikakisogeza mstari mwingine.

"Tano, sema kitu."

"Mama amepika makande. Kula kabla hujaondoka."

Akala. Mama akamjazia bakuli mara mbili. Akaondoka mchana, nami sikumsindikiza mpaka barabarani, nikasingizia goti.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Mimi ndiye niliyeomba, mimi ndiye niliyemdanganya daktari. Ningekuwa mimi mlangoni kwa kocha, na jina langu likiwa linasubiriwa, ningerudi vilevile. Najua hivyo, na kujua hakujanisaidia. Alipopiga Jumapili iliyofuata sikupokea. Na iliyofuata. Ilipofika miezi mitatu akaacha.

Nilijaribu kufundisha wasichana mpira kwenye uwanja wa Nangara, karibu na mjini. Walianza kumi na wanne. Beki hafundishwi kwa mdomo, lazima umwonyeshe namna ya kugeuka, na mimi nageuka kwa vipande. Walikuwa wananitazama kwa heshima, na heshima ile ilinichosha. Msimu wa mavuno wakabaki watano, baada ya mavuno wawili. Nikawaambia wale wawili wakatafute timu ya shule.

Nikienda mjini nilikuwa napita mtaa mwingine ili nisipite dukani kwa mama yake Nne. Siku moja mama huyo akanikuta sokoni, kwenye nyanya.

"Tano, mbona umetupotea? Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, mama. Kazi za shamba tu."

"Mwenzako kila akipiga simu anakuulizia. Namwambia sijakuona." Akanishika mkono. "Twende dukani ukae kidogo."

Nikamwambia nina haraka. Nikatembea kuelekea stendi nikijitahidi nisichechemee, maana nilijua bado amesimama ananitazama, na kadiri nilivyojitahidi ndivyo nilivyochechemea.

Mwezi uliopita mama yangu aliniambia nimpigie Nne. Alisema mtu akikaa na neno muda mrefu linaoza. Nilitoka nje, nikasimama kwenye banda la ng'ombe ambako mtandao unashika, nikapiga. Simu iliita mpaka ikakata. Nikangoja kidogo, nikapiga tena, ikaita vilevile.

Hakunipigia. Labda amebadilisha namba, labda alikuwa kambini, ambako simu hukusanywa. Labda aliiona. Sikumwambia mama kitu, naye hakuuliza. Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri, goti likauma mpaka adhuhuri, na mbaazi tukazipalilia siku iliyofuata.