Bei Niliyopanda Nayo Mlimani

Nyumba ya kwanza niliyotaka kuinunua, kuikarabati na kuiuza ilikuwa pale ambapo mji wa Morogoro unaanza kuupanda Uluguru. Bati lilikuwa limeoza na plasta imevimba, lakini kuta zilikuwa za tofali za kuchoma na bomba la uani lilitoa maji. Niliipenda palepale, na dalali akaniona nikiipenda.

"Mama, toa ofa leo," aliniambia. "Kuna jamaa wa Dar, kesho anakuja na hela mkononi. Ukichelewa usinilaumu."

Mimi ni mtu wa haraka. Hata chai huniunguza kila siku. Nilikuwa nimeuza shamba langu la Mikese, na fedha ile ndiyo pekee niliyokuwa nayo. Ikipotea, ningerudi kuomba hata ya vocha kwa mume wangu, ambaye tangu mwanzo alisema biashara ya nyumba haimfai mtu asiyejua kungoja. Nikaandika bei yangu kwenye kikaratasi, nikakikunja, nikakitia mfukoni.

Aliyekuwa anauza alikuwa mgane, mkewe amefariki wiki mbili tu zilizopita. Alitukaribisha vizuri. Nilikuwa nimeshatia mkono mfukoni pale bibi mmoja aliyekuwa anachambua mboga mlangoni mwa jiko, mama mzazi wa marehemu, aliponiuliza, "Mwanangu, mjomba wa hawa watoto umeshamwona?"

Niliona aibu mpaka masikio yakanichoma. Mimi ni Mluguru. Najua kwamba kwetu mali ya mama hufuata ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Kiwanja kile marehemu alikipata kwao. Lakini kwa kuwa nyumba ilikuwa mjini, ina namba mlangoni, nilijidanganya kwamba mambo hayo yanaishia milimani. Mkono niliutoa mtupu. Dalali alininunia njia nzima.

Kesho yake nilipanda mlimani kumtafuta huyo mjomba, kaka wa marehemu, mkulima wa karoti na njegere. Nilibeba unga na sukari, maana huendi nyumba ya msiba mikono mitupu, na kikaratasi kilikuwa kwenye mfuko wa gauni. Nilipanga kutoa pole kwa pumzi moja na bei kwa pumzi ya pili.

Pumzi zenyewe sikuwa nazo. Nilifika nahema, nikajibwaga mkekani, nikapewa maji. Mjomba akaanza kunisimulia habari za dada yake, jinsi alivyokuwa akishuka sokoni alfajiri na beseni la mboga kichwani, mpaka akaijenga ile nyumba chumba kimoja kimoja. Alilia. Na mimi nikalia, na mdomo ukakataa kabisa kutaja bei. Haikuwa adabu, niseme ukweli. Niliogopa. Nilishuka huku najitukana kwa kuipoteza nyumba.

Jamaa wa Dar alikuja kweli. Dalali alinipigia simu kunisimanga kwamba jamaa ameshampa mgane malipo ya awali. Siku tatu sikula vizuri. Siku ya nne ukoo ukashuka mpaka ofisi ya serikali ya mtaa, uuzaji ukasimamishwa, na jamaa akabaki akizungushwa kurudishiwa fedha yake. Niliposikia, nilishusha pumzi ndefu mpaka mume wangu akauliza kulikoni. Nilimsimulia. Akacheka, na safari hii nilimwacha acheke.

Baada ya arobaini mjomba aliniita. Niliwakuta wamekaa uani pale mjini: yeye, mgane, watoto na bibi.

"Shikamoo, bibi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," akasema mjomba. "Tumekubaliana wote kuuza, na tumekuita wewe kwanza. Wenzako walikuja kununua nyumba. Wewe ulipanda mlima wote ule kutupa pole, na nyumba hukuitaja hata mara moja. Haya, sema bei yako."

Nilikuwa nimevaa gauni lilelile. Mfukoni vidole viligusa kikaratasi, kimefuliwa mpaka kimekuwa kama pamba. Nilikiacha humohumo. Nikaitaja bei ileile niliyopanda nayo, kisha nikaongeza kidogo juu yake, kwa ajili ya sifa ambayo haikuwa yangu.