Sauti ya Tatu ya Recheli

Siku hizo kumi Recheli Lugembe alikuwa hakaliki. Ungemwona dukani kwa Bhavesh, pale mjini anakouza misumari na mabati, ungedhani ameketi juu ya siafu. Mteja anataka bawaba, yeye anampa komeo. Mteja anataka kilo mbili, yeye anapima tatu. Bhavesh, ambaye kwa kawaida hana maneno mengi, akamwuliza kama kuna mgonjwa nyumbani. Hakuna mgonjwa, akajibu, ni usaili tu.

Usaili wenyewe ulikuwa hivi. Chuo kimoja cha muziki cha Dar es Salaam kilikuwa kinaleta walimu Tabora kuchagua mtu wa kwenda kusomea jazi, na nafasi ilikuwa moja. Ujumbe ulioingia kwenye simu yake ulisema afike Jumamosi saa nne na ala yake, apige wimbo mmoja anaoujua vizuri, kisha auendeleze kwa kubuni mwenyewe, kama watu wa jazi wanavyofanya. Recheli ana miaka ishirini na saba, na mwisho wa kupokelewa ni ishirini na nane. Hapo sema mwenyewe kama ungepata usingizi.

Ala alikuwa nayo. Tangu baba yake afariki, miaka kumi iliyopita, ndiye aliyeshika tarumbeta ya mzee katika kikundi cha kanisa la Moravian huko kwao Itetemia. Wamebaki watu wanne tu: Masolwa anapiga sauti ya kwanza, yenye wimbo wenyewe, Fikiri ya pili, Recheli ya tatu, na mwalimu Kashindye yuko chini kabisa na lile tarumbeta lake kubwa la besi. Harusi ni wao, msiba ni wao, na alfajiri ya Pasaka ndio wanaokwenda makaburini kuwapigia marehemu habari ya ufufuo. Recheli akachagua wimbo huo wa makaburini, maana huo hata umwamshe usingizini anaupiga.

Basi akawa anajifua nyuma ya nyumba kila jioni, akajiona yuko sawa kabisa. Siku ya tano mama yake, Getruda, aliyekuwa mlangoni anapeta mchele, akamwuliza huo ni wimbo gani.

"Mama naye. Si ule wa makaburini."

"Wa makaburini naujua, nimeuimba tangu sijaolewa," mama akasema. "Hiyo unayopiga ni sauti ya baba yako."

Jamani. Recheli akabaki na tarumbeta mdomoni. Kweli tupu. Siku tano nzima alikuwa akipiga sauti ya tatu, na pale ambapo sauti ya tatu hunyamaza, naye alinyamaza, akihesabu kwa mguu moja mbili tatu nne, huku kichwani akiwasikia wenzake wakiendelea. Walimu wa Dar wangesikia nini? Mtu anapuliza kidogo, anasimama, anagonga mguu chini, anapuliza tena. Miaka kumi ndani ya kikundi, na wimbo wenyewe hajawahi kuupiga hata siku moja.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kesho yake alitoka dukani mbio hadi kwa Kashindye, mstaafu wa reli ambaye ndiye aliyemfundisha hata baba yake. Baada ya shikamoo na marahaba akamwomba kwenye mazoezi ya Ijumaa tu abadilishane na Masolwa, wimbo umwingie vidoleni. Mzee alimsikiliza huku akifuta miwani, kisha akasema hapana. Masolwa hawezi ya tatu, Fikiri anamfuata Masolwa, na kikundi si benchi la kahawa watu wahamehame wapendavyo. Hakueleza zaidi. Recheli alirudi nyumbani na hasira ya kulia, maana alijua, au alidhani anajua, kwamba mzee ana kinyongo. Yeye akipita, sauti ya tatu inapanda treni, na kikundi kinabaki kiguru.

Wimbo akaukamata mwenyewe, kwa shida. Vidole vilikuwa vikifika mstari wa pili vinarudi kwao, kwenye sauti ya tatu, kama mbuzi anayejua zizi lake. Kubuni, cha ajabu, hakukumsumbua sana. Anayepiga katikati huzoea kutafuta mahali palipo wazi apite. Ila wimbo ambao hata watoto wadogo wanauimba ulimtoka mkavu, hauna roho.

Ijumaa jioni, mkesha wa usaili, kulikuwa na mazoezi kanisani. Kashindye akamwambia Recheli akae benchi la mbele, tarumbeta mapajani, asipige. Wakaanza wimbo wa makaburini watatu. Ndiyo adhabu yangu hii, akawaza, nimefutwa hata kabla sijaondoka. Walipofika mstari wa tatu, pale sauti ya tatu inapovuta noti moja ndefu ili wenzake wavute pumzi, wakajikwaa wote. Fikiri akatazama sakafu. Mzee akaagiza warudie, wakarudia, wakaanguka palepale.

Recheli akasimama. "Mwalimu, kama mmenifukuza, niambieni niende nyumbani."

Kashindye akashusha besi lake taratibu. "Hakuna aliyekufukuza. Wewe una usaili kesho, na mimi nakujua, utapita. Sasa sisi tujifunze lini kupiga bila wewe? Siku ya Pasaka, pale kwenye kaburi la baba yako?" Akajifuta midomo. "Kaa usikilize. Miaka kumi umo ndani ya wimbo huu, na aliye ndani ya nyumba haoni paa lake. Masolwa, tangulia."

Akakaa. Safari hii alimsikiliza Masolwa peke yake, akausikia wimbo jinsi unavyopanda na mahali unapotua, na vidole vyake vikaanza kuufuata juu ya goti. Wenzake wakaanguka tena. Mara ya nne Fikiri akajaribu kushuka kidogo kuziba lile pengo, ikakubali nusu. Mara ya tano walipita pale bila kujikwaa, na hapo ndipo Recheli alipolia.