Daftari Nililonyamazia

Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, nikaenda Kitale kubeba magunia ya mahindi. Nilikaa mtaa wa Kibomet, nikahamia Moi's Bridge, nikarudi Kibomet. Sikuwahi kumaliza mwaka katika chumba kimoja. Shule ilinichosha, maneno hayakunichosha. Nilisoma hata gazeti lililofungiwa nyama.

Dada yangu mdogo alibaki nyumbani, karibu na Misikhu, akafika kidato cha nne. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilipokwenda kumwona likizo ya Agosti, alikuwa na daftari la Kiingereza lenye jalada la kahawia. Katika kurasa za mbele aliandika mizizi ya maneno, ile iliyotoka Ugiriki na Roma. Za nyuma, istilahi za fasihi. Tuliketi uani tukichambua maharagwe, naye akinitahini.

"Tele ni mbali. Foni ni sauti. Haya, telefoni?"

"Sauti ya mbali."

"Na ironi?"

"Hiyo sijui."

"Ati hujui! Na unajifanya profesa wa magunia. Ironi ni hivi: sisi tunaosoma tunajua, yule aliye ndani ya hadithi hajui."

Nikamwomba daftari. Alisita, kwa kuwa mtihani ulikuwa karibu.

"Wiki mbili tu, kaka. Usiponirudishia, bana, nitakufuata huko huko Kitale."

Wiki mbili zikawa tano. Nilikuwa nikinakili ukurasa mmoja mmoja baada ya kazi. Kisha mchuuzi wa mahindi kutoka kwetu akaniletea ujumbe: dada anataka daftari lake, hajisikii vizuri, anataka asome akiwa kitandani. Nikamwambia nitalipeleka Jumamosi. Zilikuwa zimebaki kurasa tatu za kunakili.

Jumamosi nilipofika nyumbani, nilikuta watu wameketi kwenye nyasi. Malaria ilikuwa imemchukua usiku uliotangulia. Binamu aliyemuuguza aliniambia kwamba katika homa ile alikuwa akitaja mizizi ya maneno, akifika mahali anakwama, anaanza tena, anauliza daftari liko wapi.

Kwetu, mazishi yakipita kuna siku ya kunyoa nywele. Jamaa huketi pamoja, nguo za marehemu hugawanywa, na yeyote aliye na kitu chake husimama akakitaja mbele ya watu. Usipokitaja siku hiyo, basi hilo ni deni lako na marehemu.

Baba mdogo, aliyeongoza kikao, aliuliza mara mbili kama kuna mtu ana neno. Mama akainua mkono.

"Nguo gawaneni. Mimi nataka lile daftari lake la Kiingereza. Sijui kulisoma, lakini ni mkono wake. Nani analo?"

Lilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya kiti. Ningesimama, wangeniuliza ninalo tangu lini, na kama aliliulizia. Nikaangalia nywele zangu zilizoanguka chini. Nikanyamaza.

Nilizunguka nalo miaka mingi, Bungoma, Kitale, kila nilikopata kazi. Nilikuwa nikiona neno jipya ukutani au kwenye gunia la mbolea, nasikia mtu nyuma yangu akisema, "Haya?" Sauti ya kudhihaki kidogo, kama uani siku ile. Sikugeuka. Nilitafuta mzizi wake, kisha nikaliandika kwenye kurasa alizoacha tupu, kama mtu anayejibu. Mwandiko wangu ulionekana mchafu kando ya wake, kwa hiyo nikajifunza wake: herufi zilizolalia kushoto, mikia iliyofungwa kama vitanzi.

Katikati ya miaka ya tisini nilirudi nyumbani mchana mmoja, nikamkuta mama uani. Nikaliweka daftari mapajani pake.

"Mama, ni mimi niliyekuwa nalo. Aliliulizia, sikulileta."

Alifuta mikono kwenye leso, akafungua, akapitisha kidole juu ya maandishi, mstari baada ya mstari, kurasa nyingi.

"Ameandika sana," akasema.

"Mengine ni yangu, mama."

Kidole kikasimama.

"Basi nionyeshe yake yanapoishia."

Nikainama. Nikafungua mbele, nikarudi nyuma, nikafungua tena. Herufi zote zililalia kushoto. Mama alikuwa bado ameweka kidole chake juu ya karatasi, akingoja.